Kweri Moja, Majibu Mawili

Simu iliita kabla sijamaliza chai. Alikuwa mama mweka hazina wa chama kimoja cha kuweka na kukopa, ambacho siku iliyotangulia nilikuwa nimekihamishia mfumo wake kutoka MySQL kwenda PostgreSQL. "Mwanangu," akaanza kwa upole ulionitisha kuliko ukali, "hii ripoti ya marejesho inasema hakuna aliyelipa hata shilingi, isipokuwa waliomaliza deni. Na mimi mwezi huu nimelipa."

Kilichokuwa kimebadilika ni seva tu. Kweri, yaani lile ulizo ambalo programu huipelekea hifadhidata, ilikuwa ileile herufi kwa herufi:

SELECT jina, kilicholipwa / mkopo * 100 FROM mikopo;

Mwanachama aliyekopa 60,000 na kurejesha 45,000 alikuwa akisomeka asilimia 75 kule MySQL. PostgreSQL ilimpa 0. Wala haikukosea. Safu zote mbili nilikuwa nimeziweka za namba nzima, maana siku hizi nani anahesabu senti? PostgreSQL ikigawa namba nzima kwa namba nzima hurudisha namba nzima na kutupa masalio: 45,000 kwa 60,000 ni 0, na 0 mara 100 ni 0. Aliyemaliza deni anapata 1, mara 100, ndiyo ile mia kwa mia aliyoiona mama. SQL Server na SQLite hugawa kwa mtindo huohuo. MySQL na Oracle hurudisha desimali.

Dawa ni ndogo hadi inaudhi. Anza na 100.0 badala ya kumalizia na 100:

SELECT jina, 100.0 * kilicholipwa / mkopo FROM mikopo;

Ile nukta na sifuri yake huigeuza hesabu nzima kuwa ya desimali tangu mwanzo, na jibu linakuwa moja kwenye mifumo yote mitano niliyoitaja. Zoea kuandika hivyo hata ukiwa MySQL, mahali ambapo hakuna anayekulazimisha.

Nimeanza na aibu yangu kwa sababu maelezo mengi ya lahaja za SQL huanzia upande usio na hatari. Hukupa jedwali: huku LIMIT, kule TOP, huku NOW(), kule GETDATE(). Yote ni kweli, lakini ukikosea hapo seva inakataa papo hapo, unasoma kosa, unarekebisha, unaendelea na kazi. Kosa linalopiga kelele halina madhara makubwa. La kuogopa ni lile la kweri inayopokelewa pande zote mbili, ikajibiwa pande zote mbili, na majibu yasifanane. Mkenya akimpigia rafiki yake wa Tanga kwamba kesho anakuja na bibi, mwenyeji atatafuta kiti cha kuegemea na kupika uji mwepesi. Anayeshuka kwenye basi ni mke. Hakuna aliyevunja sarufi hapo.

Mambo yalifikaje hapa? Edgar Codd wa IBM alichapisha wazo la hifadhidata za majedwali mwaka 1970. Wenzake wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakatoa lugha ya kuziuliza mwaka 1974, wakaiita SEQUEL. Baadaye jina likafupishwa kuwa SQL. Oracle ilikuwa sokoni kufikia mwaka 1979, ilhali kiwango rasmi cha Marekani kilitoka mwaka 1986. Watu walikuwa wamekwishaandika na kuuza kwa miaka saba kabla sarufi haijachapishwa. PostgreSQL yenyewe ilianzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ikizungumza lugha nyingine kabisa, na SQL ikaingizwa katikati ya miaka ya 1990. Kila nyumba ilikuja na mazoea yake, na kila nyumba leo ina wateja ambao kweri zao za miaka ishirini hawataki zivunjike. Usingoje wapatane.

Kabla hatujaendelea: humu mstari ni ule wa kulala, habari za mtu mmoja, safu ni ile ya kusimama, kama jina au simu. NULL ni pengo, mahali ambapo hakuna kilichoandikwa.

Asha na asha

Baada ya kugawanya, mtego unaonasa watu wengi ni wa herufi kubwa na ndogo. Andika hivi:

SELECT * FROM wateja WHERE jina = 'asha';

MySQL kwa mpangilio wake wa kawaida itakuletea Asha, ASHA na asha, wote. SQL Server nayo, kwa usakinishaji wa kawaida, hivyohivyo. PostgreSQL na Oracle zitakuletea tu yule aliyeandikwa kwa herufi ndogo, na kama hayupo, zinakupa jedwali tupu bila kusema neno. SQLite ina vituko vyake: ukitumia alama ya sawasawa inatofautisha herufi, ukitumia LIKE haitofautishi, ilimradi ni herufi za kawaida za Kiingereza.

Madhara yake huonekana mlangoni. Mtu alijisajili kwa barua pepe iliyoanza na herufi kubwa kwa sababu simu yake ilimwekea yenyewe. Miaka miwili anaingia kwa kuandika herufi ndogo, MySQL inamkubalia. Siku ya kuhama, PostgreSQL haimjui. Anajisajili upya, na sasa una watu wawili wenye barua pepe moja, kwa sababu hata lile sharti la kutorudia uliloliweka linaona Asha na asha ni vitu viwili.

PostgreSQL ina ILIKE ya kutafuta bila kujali herufi, ila ukiizoea umejifunga, kwa kuwa wenzake wanne hawaijui. Njia inayovuka mipaka ni kushusha pande zote:

WHERE LOWER(barua_pepe) = LOWER('Asha@mfano.test')

Na kwenye PostgreSQL au Oracle, jenga faharasa ya kutorudia juu ya LOWER(barua_pepe), siyo juu ya safu tupu. Usipofanya hivyo kweri itasoma jedwali zima kila mtu anapoingia, na mlango wa wanaorudiwa utabaki wazi. Afadhali zaidi, shusha herufi wakati wa kuhifadhi, mara moja, yaishe.

Majina matatu na pengo la katikati

Kuunganisha maandishi kunaonekana ni jambo dogo. Kiwango kinasema tumia vijiti viwili, na Oracle, PostgreSQL na SQLite zinatii:

SELECT jina || ' ' || ukoo FROM wateja;

Ipeleke MySQL. Kule vijiti viwili vina maana ya "au" ya mantiki, isipokuwa umewasha mpangilio wa PIPES_AS_CONCAT. Itajaribu kuyageuza majina kuwa namba, itapata sifuri, na itakuuliza kimoyomoyo: sifuri au sifuri? Jibu ni 0. Orodha ya wanachama mia tatu inachapishwa ikiwa na sifuri mia tatu. Kuna onyo linaloachwa pembeni, lakini maonyo ya MySQL yasomwe na nani?

SQL Server kwa miaka yote imetumia alama ya kujumlisha. Vijiti viwili imeviingiza juzi tu, toleo la 2025. Ndiyo maana wengi hukimbilia CONCAT, ambayo ipo karibu kila mahali, wakidhani wamepona. Hawajapona, kwa sababu ya pengo. Kwetu watu huandikwa majina matatu, na daima kuna wasio na jina la kati. CONCAT ya MySQL ikikuta NULL moja tu, sentensi nzima inakuwa NULL, na mwanachama anapoteza hata jina lake la kwanza. CONCAT ya PostgreSQL na ya SQL Server inaliruka pengo na kuendelea. Oracle nayo inaliona pengo kama maandishi matupu, ila CONCAT yake ya miaka mingi hupokea vitu viwili tu, si vitatu.

Ushauri wangu hapa: kama uko MySQL, PostgreSQL au SQL Server ya kuanzia 2017, tumia CONCAT_WS(' ', jina, la_kati, ukoo). Huruka mapengo, na haikuachii nafasi mbili katikati. Kwingineko, funika kila safu yenye shaka kwa COALESCE(la_kati, ''), iliyo ya kiwango na inayoeleweka kote.

Nikigusa maandishi matupu, lazima niseme la Oracle. Kwa Oracle, maandishi matupu na NULL ni kitu kimoja. Ukihifadhi '' umehifadhi pengo. Hivyo WHERE simu = '' hairudishi mtu yeyote. Sawa. Lakini WHERE simu <> '' pia hairudishi mtu yeyote! Kulinganisha chochote na pengo hakuzai ndiyo wala hapana. Mtu anayehamia Oracle na kweri ya "nipe wote wenye simu" atapata ukurasa mweupe na kuanza kuangalia waya za mtandao. Andika IS NOT NULL.

Alama za mtajo

Kiwango hakina utata: alama moja moja ni za maandishi, kama 'Tanga', alama mbili mbili ni za majina ya safu na majedwali, kama "jina". MySQL, ukiiacha ilivyo, huchukua zote mbili kuwa za maandishi, na majina ya safu huyafunga kwa kile kialama kilichoinama kilicho chini ya kitufe cha Esc. SQL Server hupenda mabano ya mraba.

Ukitoka MySQL na WHERE mji = "Tanga" kwenda PostgreSQL, utaambiwa hakuna safu inayoitwa Tanga. Kelele, vizuri. Safari ya kurudi ndiyo ya kimya. SELECT "jina" FROM wateja, kweri halali kabisa ya PostgreSQL, ukiipeleka MySQL itakuandikia neno jina kwenye kila mstari. Na SQLite, isipokuwa tabia hiyo imezimwa, ikiona alama mbili mbili zenye jina la safu isiyokuwepo huamua kwamba labda ulimaanisha maandishi. Kosea tahajia, andika "jna" = 'Asha', na itakupa jedwali tupu kwa adabu zote.

Basi maandishi yafunge kwa alama moja moja popote ulipo. Majina ya safu usiyafunge kabisa: yaandike kwa herufi ndogo, maneno yaungane kwa kistari cha chini, na epuka majina ambayo ni amri za SQL, kama order, user na group. Kuita majedwali kwa Kiswahili kunasaidia sana hapa. Sijawahi kuona seva iliyogomba na jedwali la miamala.

Herufi ndogo zina sababu ya pili. PostgreSQL hushusha herufi za majina yasiyofungwa, Oracle huzipandisha, na MySQL hufuata mfumo endeshi: kwenye Windows, Wateja na wateja ni jedwali moja, kwenye Linux ni mawili. Wangapi wamejenga mradi wa chuo kwenye laptopu ya Windows, wakaupandisha kwenye seva ya kukodi, na kuambiwa jedwali halipo huku wanaliona kwa macho?

Tarehe

Hapa ndipo pagumu. Kila mfumo una hesabu zake za siku. Kusogeza mbele siku thelathini, MySQL ni DATE_ADD(tarehe, INTERVAL 30 DAY), PostgreSQL ni tarehe + INTERVAL '30 days', SQL Server ni DATEADD(day, 30, tarehe), Oracle ni tarehe + 30 basi, na SQLite ni date(tarehe, '+30 days'). Karibu zote hizo zina kelele, zitafute zinapohitajika. Nitazungumzia zisizo na kelele.

Ya kwanza ni DATEDIFF. MySQL hupokea tarehe mbili na kutoa ya pili kwenye ya kwanza. SQL Server hupokea kipimo na tarehe mbili, na kutoa ya kwanza kwenye ya pili. Unayehamisha utaongeza neno day kwa sababu seva imekudai, utasahau kugeuza mpangilio, na wadaiwa waliochelewa siku kumi watasomeka hasi kumi, yaani wamewahi. Tena SQL Server huhesabu mipaka iliyovukwa, si muda uliopita. DATEDIFF(year, '2023-12-31', '2024-01-01') ni 1. Mtoto wa siku moja amekwishafikisha mwaka. Ukikokotoa umri kwa njia hiyo kwenye mfumo wa kliniki, ratiba ya chanjo itaharibika na hakuna kosa litakaloandikwa popote.

Ya pili inahusu mwisho wa mwezi. Wengi huandika:

WHERE tarehe BETWEEN '2024-03-01' AND '2024-03-31'

Safu ikiwa ya tarehe tupu, sawa. Ikiwa ina saa ndani yake, ile 31 husomwa kuwa usiku wa manane unaoanzisha siku hiyo, na miamala yote ya tarehe 31, siku ya mishahara, inaachwa nje. Kinachochanganya ni kwamba aina inayoitwa DATE kule Oracle hubeba saa siku zote, wakati DATE ya PostgreSQL, MySQL na SQL Server haibebi. Kweri iliyokuwa sahihi huku inakuwa pungufu kule bila kuguswa. Andika tarehe >= '2024-03-01' AND tarehe < '2024-04-01' na utalala. Kwa Oracle tanguliza neno DATE mbele ya kila tarehe, DATE '2024-03-01', usije ukategemea mpangilio wa tarehe wa mashine.

Ya tatu ni ya SQL Server peke yake na huwashangaza hata wazoefu. Tunafundishwa kwamba mwaka-mwezi-siku ni mwandiko salama duniani kote. Aina yake ya zamani, DATETIME, lugha ya muunganisho ikiwa Kiingereza cha Uingereza, husoma '2024-03-01' kuwa tarehe 3 Januari. Na sisi tunaoandika siku mbele ndio hasa tunaochagua mpangilio wa Uingereza. Ondoa vistari, andika '20240301', au tumia aina mpya za DATE na DATETIME2 ambazo hazina ugonjwa huo.

Ya nne: saa. CURRENT_TIMESTAMP inakubalika kwenye mifumo yote mitano, na ndiyo ninayoitumia. Lakini SQLite hujibu kwa saa ya Greenwich, na Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa tatu. Muamala wa saa nane usiku wa Jumanne utaandikwa saa tano usiku ya Jumatatu. Duka linalofungwa jioni halitaona kitu. Baa itaona.

Waliolipa karibuni

Unataka wanachama kumi waliolipa karibuni zaidi:

SELECT jina FROM wanachama ORDER BY malipo_ya_mwisho DESC LIMIT 10;

MySQL na SQLite huliona pengo kuwa dogo kuliko kila kitu, hivyo wasiowahi kulipa huangukia mwisho. SQL Server ina mawazo hayohayo, ila haijui LIMIT. PostgreSQL huliona pengo kuwa kubwa kuliko kila kitu. Kweri hiyohiyo kule itakuletea watu kumi ambao hawajawahi kulipa kamwe, wakiwa kileleni, na skrini itasema ni walipaji wa karibuni. Oracle ina imani hiyo pia.

PostgreSQL, Oracle na SQLite mpya huelewa ukiongeza NULLS LAST. Kwa mwandiko wa kuvuka mipaka, tanguliza CASE WHEN malipo_ya_mwisho IS NULL THEN 1 ELSE 0 END katika ORDER BY, kisha safu yenyewe. Ni ndefu, lakini haina lahaja.

Oracle ya zamani inakuja na jambo jingine kwenye foleni. Kabla ya toleo la 12c la mwaka 2013, kupunguza mistari kulifanywa kwa ROWNUM. Ukiandika WHERE ROWNUM <= 10 ORDER BY deni DESC, Oracle itaokota kumi wowote kwanza, kisha iwapange hao kumi. Wadaiwa sugu wako wanaweza wasiwemo. Panga kwanza ndani ya kweri ndogo, ROWNUM iwe nje. Au kama toleo linaruhusu, tumia FETCH FIRST 10 ROWS ONLY, ambayo ni ya kiwango na PostgreSQL pia inaielewa.

Namba zinazoanza na sifuri

Namba ya uanachama 0045 imehifadhiwa kama maandishi, inavyopaswa. Mtu anaandika WHERE namba = 45, bila alama. MySQL itageuza kila kitu kuwa namba na kukuletea 0045, 045 na 45, watu watatu. PostgreSQL itakataa, ikisema hailinganishi maandishi na namba. SQLite itaigeuza 45 kuwa maandishi na isimpate 0045. Mifumo mitatu, tabia tatu, na ya PostgreSQL pekee ndiyo ya kistaarabu.

MySQL ina mbaya zaidi: WHERE jina = 0 hurudisha kila mtu ambaye jina lake halianzi na tarakimu, kwa kuwa Asha akigeuzwa namba ni 0. Programu yako ikituma sifuri kwa bahati mbaya mahali pa jina, umefungua daftari zima.

Kusahihisha majedwali mawili kwa pamoja

Hii ningeichapa kwa wino mwekundu. Una jedwali la simu mpya na unataka kusahihisha wateja. SQL Server inakubali hivi:

UPDATE wateja SET simu = m.simu
FROM wateja w JOIN simu_mpya m ON m.mteja_id = w.id;

Inabadilisha tu wanaohusika. PostgreSQL inaipokea kweri hii bila kulalamika, lakini kwake wateja wa juu na wateja w wa chini ni majedwali mawili yasiyo na uhusiano. Hakuna sharti linaloyaunganisha. Ikiwa simu_mpya ina hata mtu mmoja anayelingana, kila mteja katika jedwali atapewa simu. Ya mwingine. Kule andika UPDATE wateja SET simu = m.simu FROM simu_mpya m WHERE m.mteja_id = wateja.id, jedwali linalosahihishwa lisirudiwe. MySQL ina mwandiko wake, UPDATE wateja w JOIN simu_mpya m ON m.mteja_id = w.id SET w.simu = m.simu.

Fungua muamala wa hifadhidata kabla ya kusahihisha chochote, hesabu mistari iliyoguswa, ndipo uthibitishe. Ila ujue kwamba MySQL na Oracle hufunga muamala zenyewe ukibadilisha umbo la jedwali. ALTER TABLE ikishapita, ROLLBACK yako inazungumza na ukuta. PostgreSQL, SQL Server na SQLite hukuruhusu kurudi nyuma hata hapo.

Zenye kelele, kwa haraka

Kukata mistari: LIMIT kwa MySQL, PostgreSQL na SQLite, TOP kwa SQL Server, au OFFSET na FETCH kuanzia toleo la 2012, na kule ORDER BY ni lazima. Namba inayojiongeza yenyewe: AUTO_INCREMENT, IDENTITY, au GENERATED ALWAYS AS IDENTITY, ambayo ndiyo ya kiwango. Kuunganisha majina ya kundi moja kwa mkato: GROUP_CONCAT kwa MySQL na SQLite, STRING_AGG kwa PostgreSQL na SQL Server, LISTAGG kwa Oracle, na ya MySQL, chunga, hukata maandishi yakifika baiti 1,024 mpaka uipandishie kikomo. Kutoa kundi ndani ya kundi: EXCEPT, isipokuwa Oracle iliyozoea MINUS. MySQL haina FULL OUTER JOIN. "Ingiza au sahihisha kama yupo": ON DUPLICATE KEY UPDATE kwa MySQL, ON CONFLICT kwa PostgreSQL na SQLite, MERGE kwa Oracle na SQL Server. Usidanganywe na REPLACE INTO ya MySQL. Jina lake ni tamu, lakini hufuta mstari wa zamani na kuweka mpya, na kama majedwali mengine yamefungwa kwa kufutika pamoja nao, yanafutika.

XAMPP pia inastahili kutajwa. Wengi wetu tulijifunzia hapo na tukasema tunajua MySQL. Kwa miaka kadhaa sasa kilichomo ndani ni MariaDB, tawi ambalo mwanzilishi wa MySQL, Michael Widenius, alilianzisha baada ya kuondoka; yote mawili yana majina ya binti zake, My na Maria. Matawi haya yanazidi kuachana. MySQL tangu 5.7 hukataa kweri ya GROUP BY inayochagua safu isiyo kwenye kundi. MariaDB kwa kawaida inaikubali na kukuchagulia thamani yoyote. Ripoti inapita nyumbani, inakataliwa kwenye seva. Bora ikataliwe.

Na kama unatumia Django au Laravel ukiamini kwamba vimekuondolea haya yote, vimekuondolea kelele tu. Vitakuandikia LIMIT au TOP panapostahili. Kama Asha ni asha, na kama pengo liko juu au chini, vinaiachia seva iamue.

Ukikabidhiwa seva usiyoijua, iulize haya kabla ya kazi yoyote (Oracle ya zamani itadai FROM DUAL mwishoni):

SELECT 5 / 2;
SELECT CASE WHEN 'a' = 'A' THEN 'sawa' ELSE 'tofauti' END;
SELECT CASE WHEN '' IS NULL THEN 'pengo' ELSE 'tupu' END;
SELECT 'a' || 'b';
SELECT CURRENT_TIMESTAMP;

La mwisho lilinganishe na saa ya ukutani.

Kisha tafuta watu. Tangu siku ile ya sifuri, kabla ya kuhamisha mfumo wowote nakaa na mweka hazina na daftari lake la jalada gumu, namwomba majina kumi: mmoja aliyelipa nusu, mmoja aliyemaliza, mmoja ambaye hajawahi kulipa, mmoja asiye na jina la kati, mmoja asiye na simu, mmoja ambaye namba yake inaanza na sifuri, mmoja aliyeandikwa kwa herufi kubwa tupu, mmoja aliyelipa tarehe 31 jioni, mmoja aliyelipa usiku wa manane, na mmoja aliyebadilisha laini wiki hii. Nachapisha ripoti za pande zote mbili za watu hao kumi tu, naziweka mezani, na yeye ndiye anayesoma kwa sauti huku kidole kikiwa kwenye daftari.